Uvujaji wa Milango si Maumbile ya Land Rover

Imekuwa ada katika nchi yetu, na hasa huku Handeni na Korogwe ambako gari la kupita porini si anasa bali ni haja, kusema kwamba Land Rover lazima ivuje. Na neno hili limekaririwa kwa miaka mingi na kwa vinywa vingi, vya madereva, vya mafundi, na hata vya wenye magari ambao ndio wanaolowa, hata sasa halihesabiwi tena kuwa rai ya mtu inayoweza kujadiliwa, bali huhesabiwa kuwa sehemu ya gari lenyewe, iliyoshuka nalo bandarini pamoja na injini na magurudumu. Anayelalamika kwamba ameketi juu ya kiti kilicholowa huambiwa kwamba Land Rover isiyodondosha oili imekwisha oili, na isiyoingiza maji imekwisha kufa; na anayelipeleka gari gereji kwa ajili ya mlango huonekana mtu wa mjini asiyejua mambo ya shamba. Mimi naikataa dhana hii yote. Nasema kwamba maji yanayoingia milangoni hayatokani na tabia ya gari, yanatokana na taksiri ya wanaolitunza. Kwamba kila tone lina njia yake, inayoweza kuonekana kwa macho na kusahihishwa kwa mikono, aghalabu bila gharama kubwa. Na kwamba wale wanaotufundisha kulizoea tone hilo wanatufundisha kuliua gari polepole.

Wasemao hivyo si wajinga, na hoja yao yafaa ielezwe kwa uaminifu kabla ya kupingwa. Huanza na historia. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati Uingereza ilipokuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ikaundwa kwa bati za aluminiamu zilizopindwa kirahisi na kushikwa kwa bolti na ribiti, kwa nia ya kumtumikia mkulima aliyehitaji kuvuta jembe asubuhi na kupeleka mazao sokoni jioni. Na mwanzoni milango yenyewe ilikuwa katika vitu vya ziada, vya kununuliwa kando. Gari lililozaliwa bila milango, huuliza, litadaiwaje milango isiyopitisha maji? Swali hili lapendeza masikioni, lakini halina mizizi. Hao hao waliouza gari bila milango, walipolitia milango waliizungushia raba, wakaitoboa chini vitundu vya kutolea maji, wakaupitisha mfereji wa bati juu ya milango hiyo. Na hakuna fundi awezaye kutia raba na mfereji katika kitu alichokwisha kukikatia tamaa. Magari ya ukoo huo yaliendelea kuundwa Solihull hadi tarehe 29 Januari 2016, na katika muda huo wote kioo cha kusukuma kilipisha kioo cha kuzungusha, mlango wa vipande viwili ukapisha wa kipande kimoja, jina la Defender likaja mwaka 1990, lakini raba na vitundu havikuondolewa kamwe. Lau kama kuvuja kungekuwa ndiyo nia ya waliolibuni, wangalijiepusha na taabu hiyo yote.

Asili ya kosa, kwa maoni yangu, ni kutoelewa mlango ni kitu gani. Wengi huudhani kuwa ni ukuta, na ukuta kazi yake ni kuzuia. Basi yakipita maji husema ukuta umeshindwa, na wakiona umeshindwa miaka nenda miaka rudi husema ndivyo ulivyoumbwa. Lakini mlango wenye kioo cha kuzungusha si ukuta, ni sanduku lililo wazi kwa juu. Mvua inayoteremka juu ya kioo huingia ndani ya sanduku hilo pamoja na kioo chenyewe, hata kama raba iliyo kwenye ukingo wa kioo ni mpya, nayo imepangiwa hivyo. Huteremka ndani kwa ndani mpaka chini, na hutoka nje kwa vitundu vilivyo kwenye ukingo wa chini wa mlango. Nyuma ya kava la ndani, lile ambalo abiria huligusa kwa kiwiko, waliolitengeneza gari walibandika karatasi ya nailoni ambayo kazi yake ni kuyarudisha ndani ya sanduku maji yanayorukia upande wa abiria. Ndivyo ilivyo nyumba ya nyasi ya Wazigua: ukiketi ndani mchana huona mwanga ukipenya mahali pengi, na mvua ikinyesha hupati tone, kwa sababu unyasi hauzuii maji, huyapokeza kwa unyasi ulio chini yake mpaka yafike upenuni. Aliyelifahamu hili amefahamu nusu ya elimu yote ya uvujaji, na asiyelifahamu atanunua raba kila mwaka na kulowa kila masika.

Land Rover moja ya aina ya One Ten, iliyokuwa ikiegeshwa chini ya mwembe hapa Sindeni, ilimlowesha dereva wake miguu kila mvua iliponyesha, na mwenyewe alikwisha kuazimia kuagiza raba mpya kutoka Dar es Salaam. Raba zile tulizikagua, zilikuwa nzima. Tukachukua spoku ya baiskeli, tukaiingiza katika kitundu cha chini cha mlango wa kulia, au tuseme mahali palipopasa kuwa na kitundu, maana palionekana bati tupu. Ukatoka udongo mwekundu uliogandamana na mbegu za nyasi, mgumu hata ukakwaruza kucha, na nyuma yake yakatoka maji mekundu kwa mkondo mwembamba ambao haukukatika upesi. Mlango ule ulikuwa umebeba maji siku kadhaa baada ya mvua kwisha. Kava lilipofunguliwa, nailoni haikuwapo: fundi aliyewahi kutengeneza mashine ya kupandishia kioo aliichana ili apate nafasi ya mkono, kisha akalirudisha kava na kuiacha nailoni sakafuni. Tulikata kipande cha nailoni nzito, tukakibandika pande tatu, na ukingo wa chini tukauingiza ndani ya sanduku la mlango ili maji yarudi yanakotakiwa. Mvua ilipokuja tena sakafu ilibaki kavu, na raba mpya hazikuagizwa. Je, gari lile lilibadilika maumbile kwa spoku ya baiskeli?

Sasa wapo watu wa kundi la pili, wasiosema kwamba uvujaji hauna dawa, bali husema dawa yake ni silikoni. Na hawa nawaona kuwa na madhara zaidi kuliko wale wa kwanza, kwa maana anayeacha mlango uvuje huuacha angalau ukauke, lakini anayeuziba huyafungia maji ndani. Nimeona mlango ambao fundi, kwa bidii njema na ujuzi mdogo, aliuzungushia silikoni chini yote, akaviziba vitundu vyote kwa kudhani kwamba ndimo maji yaingiamo. Mwenye gari alifurahi siku chache. Kisha maji yaliyokosa pa kutokea yalipanda mpaka yakapata njia ya kava, yakamwagikia ndani, naye akaamini zaidi kuliko zamani kwamba Land Rover haitibiki. Ubaya hauishii hapo. Watu husema gari hili halili kutu kwa kuwa ni aluminiamu, na hawakumbuki kwamba aluminiamu ni ngozi tu. Mifupa ya mlango ni chuma, na mahali chuma na aluminiamu vinapokutana pamoja na unyevu, vyuma hivyo viwili hulana, ngozi ikatoa unga mweupe na kupanda malengelenge chini ya rangi, na mfupa ukageuka magamba mekundu. Isitoshe, silikoni iliyo nyingi madukani ni ile yenye harufu kali ya siki wakati inapokauka, na harufu hiyo ni asidi yenyewe, nayo haina urafiki na chuma kilicho wazi. Kwa hiyo mlango uliozibwa kwa silikoni huozea gizani, na siku mwenyewe atakapoona dalili kwa nje, ndani hakutakuwa na kitu cha kutengeneza.

Watauliza: mlango ukiwa na vitundu safi na nailoni mahali pake, na bado maji yakaingia kwa pembeni, hapo utasema nini? Nitasema tafuteni shahidi, na shahidi tunaye wa bure, tuliyepewa kwa wingi katika ardhi hii ya Uzigua: vumbi. Mahali panapopitisha maji wakati wa masika ndipo panapopitisha vumbi wakati wa kiangazi, na vumbi, tofauti na maji, huacha alama. Fungua mlango baada ya safari ndefu ya njia ya udongo, na kabla ya kupitisha kitambaa itazame ile fremu ambayo raba hulalia: mahali raba inapobana pana mstari safi wa rangi, na mahali isipobana mstari huo hukatika, na utepe mwekundu huingia ndani. Ramani ya uvujaji imekwisha kuchorwa hapo, na dereva kila jioni huifuta kwa kitambaa bila kuisoma! Anayetaka uthibitisho zaidi na achukue ukanda wa karatasi, aufungie mlangoni, auvute. Ukitoka kwa uzito, raba inabana, na ukiteleza, haibani. Kisha mmoja aketi ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa kopo akianzia chini na kupanda juu kidogo kidogo. Maana anayeanza kumwaga juu hulowesha kila mahali kwa mara moja, na hapo hakuna awezaye kujua tone limetoka wapi.

Na alama hizo zikisomwa, aghalabu kosa halitakuwa la raba, litakuwa la bawaba. Gari lililobeba watu na mizigo kwa miaka ishirini au thelathini, ambalo kila apandaye huushika mlango na kujivutia juu kwa uzito wake wote, pini za bawaba zake hulika, na mlango hulegea upande wa kitasa: pembe ya juu ya nyuma huachana na fremu, na ukingo wa chini hukwaruza kizingiti. Kulijua hili hakuhitaji chombo. Ufungue mlango nusu, uunyanyue kwa mkono upande wa kitasa. Ukiinuka wenyewe kabla gari halijatikisika, pini zimekwisha. Lakini fundi wa siku hizi, badala ya kuibadili pini ndogo ya chuma, huongeza unene wa raba. Hukata tyubu ya gurudumu, huibandika juu ya raba ya zamani, na mlango sasa hauwezi kufungwa ila kwa kupigwa kwa bega. Unene huo huusukuma mlango nje karibu na bawaba, na kadiri unavyosukumwa hapo ndivyo unavyozidi kuachana na fremu mahali pengine. Na zaidi ya hayo, tyubu si raba ya mlango, kwa sababu raba ya mlango ina uwazi au usponji ndani ili ipate kubonyea na kurudi, na tyubu haibonyei. Utaratibu wa haki ni bawaba kwanza, kisha kile chuma cha kwenye nguzo kinachodakwa na kitasa, ambacho bolti zake hulegezwa ili kisogezwe ndani kwa upana wa kucha, na raba mwisho wa yote. Katika magari ya zamani yenye mlango wa vipande viwili kuna jambo la ziada, kwamba kipande cha juu hushikwa na nati mbili tu, na nati hizo zikilegea kipande hicho huinama nje, mtu akadhani raba imekufa, kumbe spana moja ingemaliza shauri.

Sisemi kwamba raba haifi. Jua letu huikausha mpaka ikapasuka, na wapo wanaoiharakishia mauti kwa kuipaka oili chakavu wakiamini wanailainisha, hali oili huivimbisha raba na kuilegeza mpaka ikapoteza nguvu ya kurudi. Raba huoshwa kwa maji ya sabuni, ikakaushwa, basi.

Tena mlango hushitakiwa mara nyingi kwa makosa ya jirani zake. Maji yanayomdondokea dereva juu ya goti huenda yakatoka kwenye vidirisha vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele, ambavyo raba zake hazikuguswa tangu gari lilipotoka kiwandani. Na yanayojikusanya miguuni pembeni huenda yakaingia chini ya fremu ya kioo cha mbele, yakateremka kwa ndani ya nguzo, yakatokea mlangoni kana kwamba ndiko yalikozaliwa. Hata mfereji wa juu ya mlango ukipasuka gundi yake huyaacha maji yaingie ukingoni mwa paa. Ndiyo maana nasisitiza kuanza chini na kupanda juu kwa subira, maana hukumu ya haraka hapa humgharimu asiye na hatia.

Na kwa nini nalitetea jambo hili kwa ukali, wakati wengine husema kulowa miguu si msiba? Kwa sababu miguu si kitu kinacholowa peke yake. Mbele ya miguu ya dereva pana ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba, na ukuta huo ndio unaobeba usukani, ndio unaobeba pedeli, na nguzo zake ndizo zilizopigwa bawaba za milango ya mbele. Maji yaliyotuama chini ya zulia huula ukuta huo kuanzia miguu yake, na ukiliwa nguzo hulegea, nguzo ikilegea bawaba huhama, bawaba ikihama mlango huachana na fremu, na maji huingia mara mbili ya yale ya kwanza. Mwanzo wake ulikuwa kitundu kilichozibwa na udongo, na mwisho wake ni kuchomelea chuma kipya kwa siku nyingi, au ni puti na rangi juu ya uozo, kisha gari kuuzwa kwa mtu asiyejua. Katika magari yenye injini ya Td5 yaliyoundwa kuanzia 1998 hadi 2007, kompyuta ya injini imewekwa chini ya kiti kimoja cha mbele na betri chini ya cha pili, na mwenye kustahimili maji sakafuni katika gari la namna hiyo asishangae siku litakapozimika njiani usiku. Tena mfikirieni aliyemo. Land Rover kuukuu ndiyo mara nyingi humpeleka mama mjamzito hospitali kutoka kijiji ambacho gari jingine halifiki wakati wa mvua, ndiyo hubeba gunia la mbegu za mahindi ambazo zikilowa huchipua ndani ya gunia, ndiyo huchukua watoto na madaftari yao. Gari ambalo Mwalimu Nyerere alilizungukia Tanganyika katika miaka ya 1950 akiinadi TANU, na ambalo watu walikusanyika kwa wingi Arusha mwezi Oktoba 2024 kulishangilia, halistahili kuheshimiwa kwa magwaride na kudharauliwa kwa bawaba.

Lipo shauri jingine ambalo husifiwa sana barabarani, nalo ni kutoboa sakafu kwa keekee ili maji yaliyoingia yapate kutoka. Shauri hili ni baya. Tundu linalotoa maji gari likiwa limesimama huyarusha ndani likiwa linakwenda, kwa sababu gurudumu la mbele hulipiga tope huko huko chini. Na wakati wa kiangazi huvuta vumbi, na pamoja na vumbi moshi wa ekzosi, ambao abiria huuvuta njia nzima akidhani kichwa kinamuuma kwa jua.

Wenye uwezo husema, wacheni taabu hiyo, nunueni Toyota Land Cruiser, ile wanayoiita Mkonga, haivuji. Ni kweli kwamba haivuji inapokuwa mpya, na Land Rover mpya pia ilikuwa na nafuu. Lakini mlango wa Toyota nao ni sanduku lililo wazi kwa juu, nao una vitundu chini na nailoni nyuma ya kava, na fundi yule yule aliyeichana nailoni ya Land Rover ataichana ya Toyota. Atakayehama gari bila kuhama desturi atalowa katika kiti cha bei kubwa zaidi. Na kuhusu gharama ya vifaa, ambayo ndiyo kimbilio la mwisho la wengi, najibu kwamba kusafisha vitundu ni bure, karatasi ya nailoni ni bei ya chai, kusogeza chuma cha kitasa ni kazi ya spana, na pini za bawaba hutengenezwa na mchongaji yeyote mwenye mashine ya kukereza, Korogwe au Tanga; raba huja mwisho, na kwa wengi hazitahitajiwa kabisa.

Limebaki pingamizi moja ninalolikubali, kwa kuwa ni la haki. Wapo wanaovuka mito, nao husema mlango hauwezi kuhimili mto. Kweli hauwezi, wala hakuna aliyewaahidi. Watengenezaji wenyewe waliiwekea Defender kina cha milimita 500 cha kuvukia maji, na katika kina kinachopita kizingiti maji kuingia chumbani si aibu, tena ni salama, kwa sababu gari lililofungwa kabisa huanza kuelea na magurudumu yakakosa kushika chini. Lakini maji ya mto ni ya dakika chache, na maji ya uzembe ni ya msimu mzima, na hayo mawili yasichanganywe ili moja liwe kisingizio cha jingine. Gari likishavuka, milango ifunguliwe, zulia litolewe likaukie juani siku hiyo hiyo, na spoku ipitishwe tena katika vitundu vyote vya chini, kwa kuwa mto huacha mchanga humo.